Ukitafuta spea ya Datsun 240Z, anzia Molo kabla ya Japani

Mtu akibahatika kupata Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, siku hizi, hata kabla hajalipandisha jeki, tayari yuko kwenye simu anaagiza. Taa kutoka Marekani, zulia kutoka Uingereza, nembo kutoka kwa muuzaji asiyejulikana aliko. Miaka miwili baadaye gari linang'aa, lakini nusu ya vitu vilivyotoka nalo kiwandani vimeshapimwa kwa kilo na kubebwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaopenda magari haya. Spea ya kwanza ya kutafuta ni ile iliyokuwa kwenye gari lenyewe. Ya pili iko karibu na wewe kuliko unavyodhani. Japani ni ya tatu.

Nayasema haya nikiwa Nakuru, Kenya, na kwa watu wa huku 240Z si picha ya ukutani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya gari hili. Mwaka 1973, msimu wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia wa rali, Safari ikiwa mojawapo ya mashindano yake, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na 240Z nyingine. Walifungana pointi na Harry Källström, naye alikuwa kwenye Datsun vilevile, 1800 SSS, hadi ikabidi hesabu ya ziada iamue. Gari la michezo lililopita kwenye vumbi na matope yetu likashinda mara mbili halifai kufanywa sanamu ya dukani.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kuagiza. 240Z nyingi mno ziliuzwa Marekani, kwa hiyo spea nyingi zinazotengenezwa upya leo hulenga soko lile. Za kwao zina namba ya chasisi inayoanza na HLS30, usukani kushoto. Zetu ni HS30, usukani kulia. Dashibodi yao haiingii kwako. Pedali na viungo vya usukani navyo haviingii. Hata giaboksi: za Marekani zilitoka na gia 4, ilhali HS30 zilikuja na gia 5. Muuzaji anaandika tu "240Z", unalipa, unalipa usafiri, unalipa ushuru, halafu kifurushi kinafika na dashibodi ya kuelekea upande mwingine. Kwa hiyo kabla hujaongea na mtu yeyote kuhusu bei, soma namba iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, ulinganishe na kibati na logibuku. Namba ya injini nayo imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia, chini kidogo ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ikitanguliwa na L24.

Sasa twende kwenye hiyo L24, kwa sababu utajiri wetu uko hapo.

L24 ni injini ya silinda 6 kwenye mstari mmoja, sisi (cc) 2,393. Datsun 1600 na 160J, zile saluni walizokuwa nazo walimu wakuu, makarani wa benki na wakulima wa pareto, zilikuwa na L16, silinda 4, sisi 1,595. Gawanya 2,393 kwa 6, kisha ugawanye 1,595 kwa 4. Unapata karibu sisi 399 kwa kila silinda, huku na huku. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 kwa zote mbili, na pistoni hupanda na kushuka milimita 73.7 kwa zote mbili. Ni ukoo mmoja. Wahandisi wa Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, waliuchora hivyo makusudi, kiwanda kitengeneze vitu vingi kwa vipimo vilevile.

Maana yake ni kwamba 160J iliyolala chini ya mti wa mparachichi huko Molo, jirani na Nakuru, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma, ina roka, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu, zinazoingia kwenye gari lililoshinda Safari. Nilimwonyesha roka moja ya namna hiyo fundi mzee wa mtaa wa Shabab hapa Nakuru ambaye amefungua Datsun tangu zikiwa mpya. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha mahali inapogusana na kamu, shafti inayoisukuma.

"Kijana wangu, hii ni yenyewe. Lakini usiipachike hivi ilivyo. Imelika pamoja na kamu ya injini yake. Ipelekwe kwa mtu wa leith, mkereza vyuma, asawazishe uso kwanza, la sivyo itakula kamu yako."

"Sawa, mzee. Na kama ningeagiza mpya?"

"Mpya ya nani?"

Swali hilo la mzee ndilo hasa ninalotaka kila mwenye gari la zamani ajiulize. Mpya ya nani? Roka ya 160J ilitengenezwa na Nissan, kwa injini za ukoo huohuo, kwa chuma kilekile. Kwangu mimi hiyo ni halisi kuliko kitu kinachometameta kilichonakiliwa mwaka jana na karakana isiyoweka hata jina lake kwenye boksi. Wapo watakaosema halisi ni ile iliyotoka na gari lile lile siku ile ile. Kwa injini, bodi na chasisi nakubaliana nao. Kwa roka, hapana.

Tahadhari moja tu, maana nimeona watu wakipoteza hela: si kila Datsun ni ya ukoo huu. 120Y na ile pikapu ya 1200 inayobeba viazi mpaka leo zina injini ya A12. Ni injini nzuri sana, lakini haina cha kukupa kwenye hedi ya L24.

Ukishaelewa ukoo, namba za spea zinaanza kuongea. Namba ya Nissan ya zamani ina vipande viwili vya herufi na tarakimu tano tano. Kipande cha kwanza kinataja aina ya kitu: 15208, kwa mfano, ni chujio cha oili, gari liwe lipi. Cha pili kinaonyesha kilichorwa kwa ajili ya gari gani, na kwa 240Z mara nyingi utakuta kinaanza na E. Mwenye duka akikupa boksi kuukuu lenye namba, usiangalie rangi ya boksi. Soma namba, kisha toa kilichomo ukilinganishe na cha kwako. Maboksi hujazwa tena.

Kabureta ni mahali pengine ambapo nawasihi watu wazuie mikono yao. 240Z ina kabureta mbili za Hitachi, za mtindo wa kabureta za SU za Uingereza, kila moja na kofia yake ya mviringo juu. Ndani ya kofia kuna pistoni inayopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, ikibeba sindano inayofungua njia ya petroli. Kofia na pistoni vilisawazishwa pamoja kiwandani. Ukifungua zote mbili kwa wakati mmoja na kuvichanganya kwenye karai la petroli, umeharibu kitu ambacho hakikuwa na ubaya. Fungua moja, ioshe, ifunge, ndipo uende kwa nyingine. Kisha iinue pistoni kwa kidole na uiachie. Ishuke bila kusita mpaka igonge chini, tak. Ikikwama ni uchafu, au kofia imebonyea, na hapo hapo unajua pa kuanzia.

Mara nyingi kinachofanya watu wazitupe kabureta hizi ni shafti ya kipepeo, kile kibamba kinachofungua hewa. Miaka 50 ya vumbi laini la bonde hili la ufa hula tundu linamopita shafti, hewa inaingia kwa pembeni, na injini haitulii gari likiwa limesimama. Mwenye gari anaambiwa kabureta imekufa, nunua seti mpya. Haijafa. Ishike shafti kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza, mtu wa leith anapanua tundu kidogo, anaingiza bushi ya shaba nyeusi, na kabureta inarudi kazini. Kazi hiyo inafanywa hapa Nakuru, kwenye karakana za jua kali, na watu wanaofanya hivyo kwa pampu za maji kila siku. Tunawadharau kwa sababu hawana tovuti.

Kuna mahali ambapo uhalisi wenyewe ni hatari, na hapo sina mjadala. Mpira wa silinda ya breki uliokaa kwenye boksi la Nissan tangu 1973 ni halisi kabisa, na unaweza kukuua ukishuka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa. Mpira huzeeka hata ukiwa kabatini. Breki, paipu za petroli, bushi za miguu: weka mpya, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na hifadhi vyuma vyake vya awali. Mpira wa kioo cha mbele na ule wa mlango wa nyuma pia vitabidi viagizwe, kwa sababu huku havipatikani vikiwa vizima.

Kampuni zenyewe zimeanza kuamka. Nissan ilianza mwaka 2017 kutengeneza upya spea za Skyline GT-R ya R32 kupitia NISMO, kitengo chake cha magari ya michezo, na Toyota ikafuata na Supra mwaka 2020. Nafurahia hilo kwa dhati. Lakini hizo ni gari za miaka ya 1980 na 1990. Mwenye gari la 1971 akisubiri zamu yake, atasubiri huku sakafu ikiliwa na kutu.

Na wapo wanaochoka kusubiri wakang'oa L24, wakapachika injini ya Toyota, kwa kawaida 1JZ. Gari litakwenda kasi, sibishi. Lakini ili iingie lazima ukate, na ukishakata mahali pa kushikia injini hakuna anayeweza kukurudishia. Idadi ya HS30 Kenya haiwezi kuongezeka kirahisi pia, maana kwa kawaida gari la mitumba lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Kila inayokatwa imetutoka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu wa Molo, Njoro, Rongai, Elburgon, na hata wa Kericho alikozaliwa Joginder Singh, yule dereva wa Safari Rally. Kama baba aliacha Datsun 1600 au 160J nyuma ya ghala, msiiuze kwa kilo kabla hamjauliza fundi wa Datsun. Na wewe unayekwenda kuinunua, usimpunje mwenyewe kwa kuwa hajui L16 ni nini. Mweleze unachotaka kutoa na kitakwenda kwenye gari gani, mlipe haki yake, kisha ufunge kila kitu kwenye mfuko wake na karatasi yenye tarehe, kijiji kilikotoka, na namba ya injini ya gari lililokitoa.