Nahodha na simu, jioni moja Kayenze

Kwenye mialo ya Mwanza, Ziwa Victoria, siku hizi vijana wanasema nahodha mzee hana kazi tena, kwa kuwa akili mnemba inaijua hali ya hewa kumshinda. Hawajakosea kabisa. GraphCast, programu iliyotolewa na Google DeepMind mwaka 2023, imefundishwa kwa kumbukumbu za hewa za dunia nzima kuanzia 1979, na utabiri wa siku 10 inautoa ndani ya dakika moja. Tena, hekima ya wazee tumeipokea kwa waliorudi. Waliosoma wingu vibaya wamebaki ziwani.

Lakini programu hiyo inaigawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita 28 hivi, na namba hii hainitoki kichwani. Kutoka Mwanza mjini hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, ni miraba miwili tu. Ziwani dhoruba huzaliwa usiku, maji yakiwa na joto kuliko nchi kavu: upepo wa pande zote hukutana katikati, hewa hupanda, radi zikaanza. Dhoruba ya namna hiyo inaweza kutosha yote ndani ya mraba mmoja, programu isiione, na usiku ndio saa ya dagaa.

Pale Kayenze nilimwona nahodha kasimama, maji magotini, anatazama umeme upande wa Ukerewe. Kijana wake akamwonyesha simu.

"Mzee, inasema shwari."

"Inasema Mwanza. Sisi tunakwenda wapi?"

Hawakutoka.

Anayedhani shida yetu ni taarifa tu akumbuke kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Septemba 20, 2018, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na namba hiyo ilijulikana. Walikufa zaidi ya 220. Hakuna utabiri uliohitajika pale. Alihitajika mtu wa kusema "hapana, wengine shukeni" mbele ya watu wanaotaka kufika nyumbani.

Ndiyo maana namtetea nahodha. Programu ikikosea, hakuna mjane atakayeibishia hodi. Yeye ana watu wanne mtumbwini, na watoto wao anawajua kwa majina.

Usiku ule ziwa lilitulia kweli. Asubuhi mitumbwi mingine ilirudi na ndoo zimejaa, vijana wake wakanuna, tajiri mwenye mtumbwi akapiga simu anafoka. Nahodha alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia jioni atatazama tena.