Mtego au sumu: mzozo wa kumlinda bata wa mito ya kasi

Whio, bata wa kijivu-buluu wa New Zealand, hana habari na mabwawa. Dume na jike hushika kama kilomita moja ya mto wa mlimani na kuilinda mwaka mzima. Ncha ya mdomo ina ukingo laini wa nyama, mithili ya mpira, wa kukwangulia mabuu kwenye mawe bila kujichubua. Wamebaki chini ya 3,000.

Anayewamaliza ni stoti, mnyama wa jamii ya kicheche aliyeletwa na walowezi miaka ya 1880 apunguze sungura. Jike hulalia mayai siku 35 hivi, pangoni au chini ya gogo, na hapo ndipo stoti humkuta. Mito isiyolindwa hubaki na madume makapera.

Wasiotaka stoti wauawe kwa sumu wanasema mitego inatosha. Ni kisanduku cha mbao chenye chuma cha springi ndani, na matundu ya wavu yasiyokabiliana ili ndege asipenye. Huwekwa kila mita 100 au 200 kandokando ya mto, chambo kikiwa yai na nyama ya sungura iliyotiwa chumvi. Miaka ya kawaida hufanya kazi. Kasoro yake ni kwamba hunasa mara moja tu: akiingia panya leo, stoti wa kesho anapita salama mpaka mkaguzi arudi. Na jike la stoti hupandwa lingali kinda kiotoni, hivyo mmoja tu akiponyoka tayari ana mimba.

Miti ya bichi inapomwaga mbegu kwa wingi, panya hufurika, stoti wakafuata. Hapo mitego huzidiwa, na helikopta humwaga vidonge vya nafaka vyenye sumu ya 1080, kilo moja hadi mbili kwa hekta. Stoti hagusi nafaka. Huuawa kwa kumla panya aliyeila.

Hofu ya mto kuchafuka naiona imekuzwa: 1080 huyeyuka, maji huizimua haraka na vijidudu huivunja. Malalamiko ya wawindaji yana uzito zaidi, maana paa hufa, hata kasuku kea wamekufa. Kwa maoni yangu helikopta ingojee miaka ya mbegu, mitego ibebe iliyobaki. Mwenye mbwa naye amzuie asifike palipomwagwa sumu kwa miezi kadhaa: mzoga wa panya hubaki na sumu mpaka uoze kabisa, na mbwa hudhurika upesi mno.