Mrushaji wa kasi: achukuliwe mbichi au asubiriwe aive?

Tunaposema mchezaji wa kriketi "anarusha" mpira, kitenzi chetu kinaficha jambo. Mtoto anayetungua embe Mikindani anarusha pia, ila yeye hukunja kiwiko kisha akakifyatua. Kwenye kriketi hilo ni kosa: mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko hakiruhusiwi kunyooka zaidi ya nyuzi 15 mpaka mpira utoke. Ndiyo maana siwezi kukubali moja kwa moja kwamba vijana wa Mtwara na Lindi, kwa mabega waliyojengea baharini na mashambani, wachukuliwe tu wakawe warushaji wa kasi wa timu ya taifa.

Lakini wanaodai hivyo wana hoja nzito. Kulenga hufundishwa, kuupinda mpira hewani hufundishwa. Kasi ya kumtisha mpigaji mtu huja nayo. Pakistan ililijua hilo. Januari 1985 ilimchezesha Wasim Akram dhidi ya New Zealand akiwa na miaka 18, mechi zake za daraja la juu zikiwa chache mno. Katika mechi yake ya pili, mjini Dunedin, alichukua wiketi 10, yaani aliwatoa wapigaji mara kumi. Mteuzi wa kufuata takwimu tu asingemwona.

Kisha yupo Pat Cummins. Naye alikuwa na miaka 18 alipoichezea Australia mechi yake ya kwanza ya siku tano, Johannesburg, Novemba 2011. Alichukua wiketi 6 katika zamu moja, akatajwa mchezaji bora wa mechi. Ya pili aliicheza Machi 2017. Miaka yote hiyo katikati ililiwa na majeraha, hasa ya mgongo, kwa sababu mrushaji wa kasi hutua mguu wa mbele kwa kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na uti wa mgongo wa kijana bado unakomaa. Cummins alikuwa na madaktari wa Australia nyuma yake. Kijana wa Msangamkuu akiumia hivyo, atatibiwa na nani, na kwa fedha za nani? Hili linaninyima raha kuliko yote.

Kwa Tanzania, hata hivyo, hesabu inabadilika. Sisi hucheza zaidi mechi za ova 20 (ova moja ni mipira sita halali), ambazo mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4, yaani mipira 24 halali. Mechi hazitamvunja, atavunjwa na kocha anayemrushisha asubuhi na jioni bila kuhesabu. Ila ufupi huohuo una bei: mpira mpana, yaani uliopita mbali na mpigaji, humpa mpinzani mkimbio, yaani pointi, na hurudiwa, na ova moja ya papara huzamisha mechi.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kasi, ila mlango uwe timu ya vijana. Kikosi chetu cha wavulana chini ya miaka 19 kilifuzu Kombe la Dunia la 2026, Zimbabwe na Namibia, kwa mara ya kwanza. Huko kijana mbichi anaweza kukosea bila kuigharimu timu kubwa. Wateuzi waje huku Mtwara na Lindi wenyewe, na wasije kati ya Oktoba na Desemba, vijana wanapookota korosho. Wakifika, waanze kutazama kiwiko na jinsi mguu unavyotua, kabla hawajauliza ameshacheza mechi ngapi.