"Leo hivi utakuwa pamoja nami": koma ikae wapi?

Tulikuwa msibani Mwanga, hapa Kigoma. Muhubiri, Mwanglikana, alisoma Luka 23:43, Yesu akimjibu mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Mjane akauliza, "Kwa hiyo baba watoto sasa hivi yuko huko?" Kabla muhubiri hajajibu, shemeji yake, Msabato, akasema kwa upole kwamba koma imewekwa pasipo pake. Isomwe: "Amin, nakuambia leo, utakuwa pamoja nami peponi." Ahadi ilitolewa Ijumaa ile, pepo ni siku ya ufufuo, na marehemu amelala.

Shemeji habahatishi. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na koma kama zetu. Iliyomo katika Biblia ya Union Version ya 1952 waliiweka watafsiri, na hata "hivi" ni yao. Kigiriki kina "leo" tu. Kusema "nakuambia leo" nako si kugeni. Musa katika Kumbukumbu la Torati hurudia mara nyingi amri "ninayokuamuru leo", na katika Matendo 20:26 Paulo anawashuhudia wazee wa Efeso siku ya leo. Kitabu hicho nacho kaandika Luka. Halafu kuna Yohana 20:17, ambapo Jumapili asubuhi Yesu anamwambia Mariamu kwamba bado hajapaa kwenda kwa Baba. Basi Ijumaa angekuwaje peponi? Hoja hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, na sipendi wahubiri wetu wanavyoiruka.

Pamoja na hayo, mimi naiacha koma ilipo. "Amin, nakuambia" ni kauli ya Yesu inayorudi makumi ya mara katika Injili, na hakuna mahali pengine anapoibandika "leo". Tena kwa Luka neno hili ni zito. Malaika anawaambia wachungaji kwamba leo amezaliwa Mwokozi (2:11). Kule Nazareti, leo andiko limetimia (4:21). Kwa Zakayo, leo wokovu umefika nyumbani (19:9). Zaidi ya yote, tazama mhalifu aliomba nini: "Nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Anaomba jambo la siku asiyoijua, anajibiwa kwa leo. Ukiisogeza "leo" upande wa "nakuambia", inakosa kazi, maana mtu aliye msalabani hahitaji kukumbushwa kwamba anaambiwa leo.

Na leo hiyo ilikuwa fupi. Wazee wa Ujiji wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya Alhamisi jua likishazama. Wayahudi nao huhesabu siku tangu magharibi. Luka anaweka maneno haya karibu na saa sita mchana, na Yohana 19 inaeleza kwamba askari waliwavunja miguu wale wawili waliosulubiwa na Yesu, ili wafe upesi, kwa sababu Sabato ilikuwa inaingia. Aliyeahidiwa leo alikufa leo.

Kuhusu Yohana 20:17, wanaosoma kama mimi hujibu kwamba kupaa ni kwa mwili uliofufuka, wakati Ijumaa Yesu aliweka roho yake mikononi mwa Baba (Luka 23:46). Nalikubali jibu hilo, ila linatudai tuunganishe Injili mbili, na Msabato ana haki ya kuuliza kwa nini. Tena aya hii haielezi hali ya wafu wote. Ni ahadi kwa mtu mmoja, na Mhubiri 9:5, "wafu hawajui neno lo lote", bado inadai kujibiwa. Kuijengea aya moja mafundisho yote ya roho ni kuitwika mzigo usio wake.

Neno lililotafsiriwa "peponi" hapa, paradeisos, katika Ufunuo 2:7 limetafsiriwa "bustani ya Mungu", na ndilo Wayahudi waliotafsiri Mwanzo kwa Kigiriki walilotumia kwa bustani ya Edeni. Ile iliyofungwa kwa Adamu anaahidiwa mhalifu.

Mjane alimwomba muhubiri asome tena, polepole. Alipofika "pamoja nami" akamsimamisha, akamgeukia shemeji yake: "Na hapa, shemeji, mnasomaje?"

"Vivyo hivyo," akajibu.