Shusheni kinanda, tumsikie mama

Juzi usiku nilikuwa natazama filamu ya hapa kwetu pamoja na mama yangu. Ikafika pahala mama mmoja anapigiwa simu, anaambiwa mwanawe amefariki. Simu bado iko sikioni, hajatamka neno, kinanda kimeshaanza kulia. Noti nne za huzuni, zile zile, zinazunguka na kuzidi kupanda, mpaka mwigizaji alipofungua mdomo hatukusikia kitu. Mama akanigeukia: "Kasemaje, mwanangu?" Nikarudisha nyuma, tukatega masikio. Tuliambulia neno moja tu, "jamani."

Iliniuma sana. Yule dada aliigiza kwa moyo wote, kazi yake ikafunikwa na biti ya kupakua intaneti, ambayo nina hakika nimeshaisikia kwenye filamu nyingine mbili.

Muziki wa filamu naupenda, tena mno. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipotengeneza filamu ya Psycho, iliyotoka 1960, alitaka sehemu ya mauaji bafuni isiwe na muziki hata chembe: maji yamwagike, mwanamke apige mayowe, basi. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, hakumsikiliza, akaiandikia muziki. Filamu nzima aliitungia ala za nyuzi tupu, bila tarumbeta wala ngoma, na pale bafuni fidla zinakwaruzwa juu kabisa, kama kitambaa kinachochanwa karibu na sikio. Hitchcock alipousikia akabadili uamuzi wake. Miaka 3 baadaye, 1963, watu hao hao wawili walitoa The Birds, na humo hawakuweka muziki wa kusindikiza matukio. Herrmann alibaki mshauri wa sauti, kazi ya kutisha wakaachiwa ndege wenyewe, kwa milio ambayo mingine ilitengenezwa kwa ala ya umeme.

Mtunzi yule yule, mwongozaji yule yule. Mara ya kwanza waliona muziki unahitajika, mara ya pili wakaona hauhitajiki. Uamuzi wa namna hiyo ndio ninaoukosa katika filamu zetu nyingi. Kwa kawaida mtunzi na mwongozaji hukaa pamoja wakaitazama filamu iliyokwisha kuhaririwa, wakaandika dakika na sekunde ambapo muziki unaingia na ambapo unatoka. Kwetu muziki ukishaingia hautoki. Harusi kinanda, msiba kinanda, mtu anafungua geti kinanda. Na kwa kuwa sauti ya kinanda na sauti ya mtu hugombea nafasi ile ile sikioni, asiposhushwa mmoja, maneno ndiyo yanayopotea.

Nasikia wakisema bajeti ni ndogo. Naamini, najua watu wanapiga filamu nzima kwa siku chache na kamera ya kuazima. Lakini kuzima kinanda mtu anapozungumza hakuhitaji hata shilingi.

Na pale muziki unapohitajika kweli, hatuna sababu ya kuuokota mtandaoni. Unguja kuna bashraf, kipande cha ala bila maneno kinachofungua taarab. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, na wapigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, wa udi na wa fidla bado wapo visiwani. Dodoma kuna zeze la Wagogo. Ukilisikia likikwaruzwa taratibu jioni, bila mtu wa kuliimbia, huhitaji kuambiwa kwamba kuna jambo zito. Mpigaji mmoja, maikrofoni moja na chumba kisicho na kelele vinatosha kutupa huzuni yenye kwao.

Mama alipokwenda kulala niliirudia ile sehemu ya simu, safari hii nimezima sauti kabisa. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sijakiona. Yule mama, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, alikuwa anakunja kanga. Aliikunja, akaikunjua, akaanza upya, akalinganisha pindo kwa pindo kwa uangalifu mkubwa. Mara ya tatu mikono ikasimama katikati, kanga ikabaki imening'inia.

Ningetoa chochote niisikie pumzi yake pale.