Kazi ya Adebayo Akinfenwa ilikuwa mpira, si misuli

Shabiki wa soka wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura huenda anaijua Ligi Kuu ya Uingereza kuliko ligi ya nchi yake mwenyewe, lakini timu zilizo chini ya ligi hiyo huzijua kwa njia moja tu, nayo ni mkeka, yaani orodha ya mechi za kubashiri kwa pesa. Wycombe, Gillingham, Northampton na Crawley ni majina yanayochaguliwa Ijumaa jioni na mtu ambaye hajawahi kuziona timu hizo zikicheza, kisha yanalaaniwa Jumamosi usiku kwa kuchana mkeka. Ndiyo maana hata mchezaji wa ligi hizo ambaye vijana wetu wengi wanamjua kwa jina, Adebayo Akinfenwa, hawamjui kwa mpira wake. Wanamjua kupitia mchezo wa video wa FIFA, ambao kwa miaka mingi ulimweka juu ya wachezaji wote duniani kwa nguvu za mwili, na kupitia picha zinazosambaa mtandaoni zikimwonyesha jezi ikimbana kama ya kuazima.

Mimi naona kwamba hapo tumempunja. Mtu hawezi kulipwa mshahara wa mchezaji wa kulipwa kwa zaidi ya miaka 20, akacheza mechi zaidi ya 700 na kufunga mabao zaidi ya 200, kwa sababu tu ni mzito. Makocha wa timu ndogo hawana fedha za kununua vichekesho.

Akinfenwa alizaliwa Islington, London, tarehe 10 Mei 1982, katika familia yenye asili ya Nigeria, baba akiwa Mwislamu na mama Mkristo. Alipita Watford akiwa kijana, na alipokosa njia nyumbani alikwenda mahali ambapo vijana wachache wa London wangekufikiria: Lithuania, katika mji wa bandari wa Klaipėda, kuichezea FK Atlantas. Huko alifunga bao la ushindi katika fainali ya Kombe la Lithuania la mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 19. Huko huko pia ndiko alikotukanwa kwa ajili ya rangi yake, jambo ambalo amelisimulia hadharani mara nyingi, akieleza kwamba hata mashabiki wa timu yake walikuwamo miongoni mwa waliomtukana. Nashangaa kwamba sehemu hii ya maisha yake hutajwa kwa sentensi moja na kupitwa, ilhali ndiyo inayoeleza tabia aliyokuja kuwa nayo: kijana aliyekubali kwenda kufanya kazi ugenini, akadharauliwa na watu aliokuwa akiwafungia mabao, na bado akabaki kwa karibu miaka miwili.

Aliporudi Uingereza mwaka 2003 alianza maisha ambayo ndiyo hasa maisha ya mshambuliaji wa madaraja ya chini. Kufikia mwaka 2004 alikuwa ameshavaa jezi za Barry Town ya Wales, Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Timu tano kwa muda wa zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Msomaji anaweza kudhani kwamba huyo alikuwa mchezaji mkorofi au asiyetulia, lakini utaratibu wenyewe ndio ulio hivyo. Uingereza ina timu 92 katika madaraja manne ya juu, na chini yake yako madaraja mengine mengi yenye timu zinazolipa wachezaji kwa wiki au kwa mechi. Mikataba ya timu ndogo ni ya mwaka mmoja au miwili, na mingi huisha tarehe 30 Juni. Kila mwezi Mei klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na mwenye jina katika orodha ya pili huanza majira ya joto akipiga simu, akiwa na kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha kama mfanyakazi mwingine yeyote ambaye kibarua chake kimeota nyasi. Kwa mshambuliaji hali ni ngumu zaidi, kwa sababu yeye hupimwa kwa namba ambayo kila mtu anaweza kuisoma gazetini. Beki anaweza kucheza msimu mbaya na kocha akamtetea. Mshambuliaji mwenye mabao matatu hana wakili.

Alitulia kidogo Torquay United katika msimu wa 2004/05, kisha akahamia Swansea City, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba anaweza kufunga mabao yanayokumbukwa. Agosti 2005 alifunga bao la kwanza la mechi ya mashindano katika uwanja mpya wa Swansea, dhidi ya Tranmere Rovers. Aprili 2006 alifunga bao la ushindi katika fainali ya kombe la timu za madaraja ya chini dhidi ya Carlisle United, mjini Cardiff. Wiki chache baadaye, katika uwanja ule ule, Swansea walicheza na Barnsley fainali ya mchujo wa kupanda daraja, mechi ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na yeye akawa mmoja wa waliokosa. Kisha akavunjika mguu. Alipopona alijiunga na Millwall mwishoni mwa mwaka 2007, akacheza mechi chache bila kufunga bao la ligi, na wengi waliona kwamba amekwisha. Alikuwa na miaka 25.

Miaka iliyofuata aliigawa kati ya Northampton Town na Gillingham, akienda na kurudi mara mbili, na sitakaa sana hapo kwa sababu habari yake ni ile ile: anafunga, mkataba unaisha, anafunga safari. Ila ni katika miaka hiyo ambapo ufundi wake ulikomaa, na huo ndio ninaotaka usemwe.

Kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa kukimbia na mpira. Ilikuwa kusimama akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, mpira mrefu ukitoka kwa kipa au kwa beki, na kuupokea kifuani huku beki wa kati akimsukuma kwa nyuma. Watu huona misuli katika tendo hilo. Anayeangalia vizuri ataona kwamba mwamuzi anayaona yote, kwamba akitumia mkono anapigiwa filimbi, na kwamba akiinama mapema beki anamzunguka na kuuwahi mpira. Inambidi ajue beki yuko upande gani bila kumtazama, aegemee upande huo kwa kiasi ambacho hakihesabiwi kuwa faulo, autulize mpira kwa mguso mmoja, na autunze kwa sekunde mbili au tatu mpaka viungo wapande. Timu isiyo na fedha za kununua mafundi wa pasi huishi kwa sekunde hizo. Hapo mabeki hupumua na winga hupata muda wa kufika, na mara nyingi huzaliwa kona au faulo karibu na eneo la hatari, ambako timu ndogo hupata mabao yake mengi. Kilo zaidi ya 100 zilimsaidia, sikatai, lakini mabeki wa daraja la nne nao si watoto wa shule.

Januari 2015 dunia ilipata nafasi ya kumwona. Alikuwa ameshahamia AFC Wimbledon, klabu iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2002 baada ya timu yao ya zamani kuruhusiwa kuhamishiwa Milton Keynes, na katika Kombe la FA walipangiwa Liverpool, timu ambayo yeye mwenyewe ni shabiki wake. Nahodha wa Liverpool, Steven Gerrard, alifunga bao la kwanza, Akinfenwa akasawazisha kutokana na vurugu za kona mbele ya kipa Simon Mignolet, kisha Gerrard akamaliza kazi kwa mpira wa adhabu, 2-1. Akinfenwa aliondoka na jezi ya Gerrard. Baada ya hapo umaarufu wake ulipaa, na ukapaa kwa sababu zisizo sahihi: vichwa vya habari vilizungumzia mwili wake, na yeye, mtu mwenye akili ya biashara, hakuwakatisha tamaa. Alikuwa ameshaanzisha nguo zenye chapa yake, akajiita mnyama, akacheka pamoja na waliomcheka. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, kwa kuwa mtu ambaye ajira yake inaisha kila mwezi Juni ana haki ya kutafuta kipato ambacho hakimtegemei kocha.

Mei 2016, katika fainali ya mchujo wa League Two, yaani daraja la nne, AFC Wimbledon walikuwa mbele kwa bao la Lyle Taylor dhidi ya Plymouth Argyle, ikapatikana penalti katika dakika za nyongeza, na Akinfenwa akaomba apige yeye. Alikuwa ameshaambiwa kwamba haongezewi mkataba. Akafunga, timu ikapanda na kwenda kukutana daraja moja na Milton Keynes, na yeye akasimama mbele ya kamera za televisheni akisema kwamba hana kazi na kwamba kocha anayemhitaji amtumie ujumbe wa WhatsApp. Watazamaji walicheka. Lakini tafakari jambo lenyewe: mtu ametoka kuipandisha timu katika uwanja wa Wembley, na jioni hiyo hiyo anatangaza kutafuta kazi akiwa na miaka 34.

Gareth Ainsworth, aliyekuwa kocha wa Wycombe Wanderers, alimsajili majira hayo hayo. Katika msimu wa 2017/18 alifunga mabao 17 ya ligi na Wycombe wakapanda kwenda League One, yaani daraja la tatu. Miaka miwili baadaye korona ilikatisha msimu wakiwa nafasi ya nane, lakini hesabu ya wastani wa alama kwa mechi ikawapandisha hadi nafasi ya tatu; katika mchujo wakawatoa Fleetwood Town, na tarehe 13 Julai 2020 wakaifunga Oxford United 2-1 Wembley bila watazamaji. Klabu hiyo ilikuwa haijawahi kufika daraja la pili katika historia yake. Akinfenwa alitangaza kwamba sasa anayeruhusiwa kumtumia ujumbe ni Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, peke yake, na Klopp akamtumia video ya pongezi.

Hapa lazima nikiri upande wa pili, kwa sababu sifa zisizo na mipaka ni namna nyingine ya kumdharau mtu. Katika Championship, yaani hilo daraja la pili, akiwa na miaka 38, alikuwa mchezaji wa kuingia kipindi cha pili, na kasi ya daraja hilo ilimzidi. Timu za kisasa hutaka mshambuliaji awe wa kwanza kukaba, akimbie kutoka beki huyu hadi yule kwa dakika 90, na hilo hakuwahi kuwa nalo hata ujanani. Wycombe walishuka kwa tofauti ya alama moja tu nyuma ya Derby County, ambao msimu uliofuata walikatwa alama 21 kwa makosa ya kifedha. Kwa Wycombe adhabu hiyo ilikuja wakiwa wameshafungasha virago.

Tatizo letu ni kwamba tunapenda hadithi za Jamie Vardy, aliyetoka Fleetwood ya daraja la tano kwenda Leicester City mwaka 2012 kwa pauni milioni 1 na kuwa bingwa wa Uingereza mwaka 2016, au Rickie Lambert, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha bitiruti na baadaye akaifungia England. Tunadhani kila aliyebaki chini alishindwa. Tanzania ilipokwenda Misri katika AFCON 2019, kikosi kilikuwa na Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa akiichezea Solihull Moors ya daraja la tano. Mtu anayedhani kwamba daraja la tano la Uingereza ni soka la mtaani ajaribu kuzihesabu timu nyingine alizopita Yussuf, halafu ajiulize ni washambuliaji wangapi wa ligi zetu wangedumu huko miaka yote hiyo.

Akinfenwa alitundika daluga Mei 2022, baada ya Wycombe kufungwa 2-0 na Sunderland katika fainali nyingine ya mchujo, ambayo aliingia akitokea benchi. Aliyekuwa ameshachukua nafasi yake katika kikosi cha kwanza ni Sam Vokes, mshambuliaji wa Wales aliyecheza Ligi Kuu akiwa na Burnley na kufunga katika robo fainali ya Euro 2016 dhidi ya Ubelgiji. Wycombe walimleta Vokes afanye kazi ile ile: apokee mipira mirefu, aitunze, avute faulo, afunge kwa kichwa. Alipoifanya Vokes, hakuna aliyeuliza ana kilo ngapi.