Kontena Likipanda Nauli, Kodi Nayo Inapanda

Mwaka 2021, soko la Mwanga hapa Kigoma Mjini, nilimkuta mzee mmoja akibishana na mama muuza vyombo juu ya chupa ya chai.

"Mama, juzi tu nimechukua kama hii kwa elfu kumi na tano."

"Juzi hiyo mzigo ulikuwa wa zamani, baba. Huu umekuja na nauli nyingine. Kawaulize wenye meli."

Mzee akaigeuza chupa, akaitikisa kidogo kusikiliza kioo cha ndani, akairudisha mezani. "Meli ipi? Liemba?"

Tulicheka wote, maana Liemba ni meli kongwe ya hapa ziwani Tanganyika. Ila ukiiangalia vizuri, mzee aliuliza swali ambalo hata Ulaya na Marekani walikuwa wanalihangaikia mwaka huohuo: mwenye meli ni nani hasa, na nani ana ubavu wa kumuuliza?

Mwaka 2019 kontena la futi arobaini kwenye njia kuu za dunia lilisafiri kwa wastani usiofika dola 2,000. Septemba 2021 kipimo cha kampuni ya Drewry ya London, ambacho waagizaji wengi hukifuata, kilivuka dola 10,000. UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, kilikadiria kwamba hali ikiendelea hivyo bei kwa mlaji duniani zingepanda kwa asilimia 1.5, na kwa kundi la nchi maskini zaidi, ambamo Tanzania imo, kwa asilimia 2.2. Mwaka uliofuata Maersk ya Denmark, moja ya kampuni kubwa za meli duniani, peke yake ilitangaza faida ya dola bilioni 29 na zaidi.

Kwa wanaosema wenye meli wanapangiana bei, ushahidi ndio huo. Na historia haiwaangushi. Tangu mwaka 1875, meli za Uingereza zilizokwenda Calcutta ziliunda umoja wa kupanga nauli, na mtindo huo, ulioitwa konferensi, ukaenea karibu kila bahari. Ujanja wake ulikuwa kwenye marejesho. Ukipakia kwao tu, baada ya miezi kadhaa unarudishiwa sehemu ya nauli. Ukithubutu kupakia mara moja kwenye meli ya mgeni, unaipoteza yote. Serikali nyingi ziliruhusu jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa hoja kwamba bila umoja hakuna ratiba. Umoja wa Ulaya uliufuta msamaha uliozikinga konferensi na sheria za ushindani Oktoba 2008, lakini ukaacha mwingine, wa kampuni kugawana nafasi ndani ya meli. Huo nao uliachwa ufe Aprili 2024. Marekani ilipitisha sheria mpya Juni 2022, ikiibana kampuni ya meli isikatae mzigo wa wanaouza bidhaa nje ya nchi bila sababu ya maana.

Leo konferensi hazitajwi tena, kuna miungano. Unalipa kampuni hii, kontena lako linapanda meli ya kampuni ile. Kampuni kumi kubwa zinashika zaidi ya asilimia 80 ya nafasi zote za makontena duniani. Kwa mwagizaji wa Kigoma, anayenunua mita chache za ujazo ndani ya kontena la kichele linalochangiwa na watu ishirini, mazungumzo ya bei hayapo. Anaambiwa, analipa.

Upande wa pili nao una hoja, na mimi sikuielewa mpaka nilipoitazama stendi yetu. Gari ndogo za Kasulu hupakia kwa zamu. Nauli ni moja, na ukitaka kupanda gari ya nyuma kwa sababu dereva ni shemeji yako, wapiga debe hawakuelewi. Abiria hapati nafasi ya kupatana. Hebu sasa ondoa zamu. Gari tano zinagombea abiria wanne, kila moja inazunguka mjini nusu tupu mpaka saa tano, wawili wanashusha nauli hadi isirudishe hela ya mafuta, na baada ya mwezi gari tatu zimeuzwa. Waliobaki wawili hawahitaji hata kukutana ili wakubaliane bei.

Baharini hilo limetokea kweli. Kampuni zilinunua meli nyingi kupita mzigo uliokuwepo, nauli zikashuka chini ya gharama, na Agosti 2016 Hanjin ya Korea Kusini ikashindwa madeni na kukimbilia mahakamani. Meli zake zilibaki zimeelea nje ya bandari zilizoogopa kutolipwa, zikiwa na bidhaa za mabilioni ya dola za watu wengine. Baada ya hapo kampuni ziliungana na kumezana kwa kasi. Wakubwa wachache tunaowalalamikia leo, kwa sehemu kubwa, wamezaliwa na vita ya bei tuliyoifurahia jana.

Kuna jambo jingine linaloinyima nguvu hoja ya njama. Kama wenye meli wanaweza kupanga watakavyo, mbona mwaka 2023 kipimo kilekile cha Drewry kilianguka hadi chini ya dola 1,500? Hakuna aliyewaamuru. Meli mpya zilizoagizwa kwa faida ya 2021 zilianza kuingia majini, na mzigo ulikuwa umepungua. Kisha Novemba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, nauli ikaruka tena. Kwa hiyo ninavyoona, miungano haiumbi uhaba. Ila uhaba ukija, mwenye mkono sokoni huvuna, na mkono huo wanao wachache.

Serikali kama yetu ifanye nini basi? Jibu linalopigiwa makofi mengi kwenye vijiwe ni kununua meli zetu. Tulishajaribu. Miaka ya 1960 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia ziliunda shirika la pamoja la meli za baharini, na mwaka 1974 nchi zinazoendelea zikapata hata mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotaka mzigo wa konferensi ugawanywe: asilimia 40 kwa meli za nchi inayouza, 40 kwa inayonunua, 20 kwa wengine. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1983. Shirika letu lilikuwa limeshakufa miaka mitatu nyuma. Na kontena lilikuwa limekwisha badilisha mchezo. Meli moja ikawa inafanya kazi ya kadhaa, kwa mtaji ambao hazina zetu hazikuwa nao. Sisemi meli ya taifa ni upuuzi. Kampuni tuliyoanzisha na China mwaka 1967 ipo mpaka leo. Ila meli mbili tatu hazimshushii bei mtu mwenye meli mia kadhaa. Nazo zitafuata bei yake, zikiwa na bahati.

Pwani ndiko serikali ina nguvu halisi. Meli kubwa za makontena 24,000 ya futi ishirini haziingii Dar es Salaam, hivyo makontena mengi huteremshwa njiani na kubebwa na meli ndogo zaidi, na nafuu ya ukubwa inaliwa huko. Meli ikingoja nje ya bandari, kampuni huongeza tozo ya msongamano, na tozo hiyo hailipwi na bandari. Mjadala wa mwaka 2023 kuhusu DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ulikuwa mkali kweli, lakini ulihusu zaidi umiliki na uzalendo. Sasa DP World wanaendesha gati 4 hadi 7, na kampuni ya Adani ya India iliingia gati 8 hadi 11 mwaka 2024. Swali ambalo huku reli ya kati inakoishia lina uzito zaidi ni kama hao wawili watagombania meli kwa kasi na bei, au watafanana tozo kama maduka mawili ya ndugu. Tume ya Ushindani ipo kwa sheria ya mwaka 2003. TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndiyo inasimamia huduma za meli, ingawa sheria hiyohiyo iliipa pia kazi ya kutoa baadhi ya mizigo yenyewe. Sijawahi kupenda mpangilio huo: anayepima mizani asiwe na gunia lake kwenye foleni.

Lakini mkono mzito kuliko yote uko kwenye karatasi ya forodha, na ajabu hauzungumzwi. Kwetu ushuru hautozwi kwenye bei ya bidhaa tu. Unatozwa kwenye bei, bima na nauli ya meli vikijumlishwa. Chukua kontena la futi arobaini lenye chupa za chai 10,000, tuseme ushuru wake ni asilimia 25. Nauli ikitoka dola 2,000 ikawa 8,000, mwagizaji ameongezewa 6,000 na mwenye meli. Ushuru juu ya hizo 6,000 ni 1,500. Kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya 7,500, nayo ni 1,350. Jumla imekuwa 8,850. Serikali haikujenga gati wala haikuendesha meli, lakini katika msukosuko ule kila dola ya nauli iliyoongezeka iliiletea karibu nusu dola. Kwa chupa moja ni kama senti 89, zaidi ya shilingi 2,000 kwa bei ya dola ya wakati ule. Faida ya mama wa Mwanga kwa chupa ndiyo inalingana na hapo.

Na bidhaa nafuu yenye nafasi kubwa ndiyo inayoumia: chupa, beseni, magodoro. Simu haiumii. Kwanza inakuja kwa ndege, na pili sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasema mzigo wa ndege hauongezewi nauli kwenye thamani ya kutozwa ushuru. Wa meli unaongezewa.

Wanaotetea utaratibu huu si wajinga. Sheria ni ya Jumuiya nzima, Tanzania haiwezi kuichana peke yake. Ukiitoa nauli, mjanja atashusha bei ya bidhaa kwenye ankara na kuipandisha nauli, na ofisa wa forodha atakesha. Hazina itapungukiwa, na pengo litajazwa kwingine, labda kwenye mafuta. Nakubali. Lakini Afrika Kusini na Marekani hutoza ushuru bila nauli ya meli, na forodha zao hazijafa. Kuna hata njia ya katikati: nauli ya kukadiria ushuru iwekewe kikomo pale soko linapochafuka, badala ya serikali kupanda pamoja nalo.

Nisisahau walioko juu ya mlima. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi, hukuhuku Kigoma, wanahitaji kontena likirudi ng'ambo libebe mzigo wao. Siku za kawaida nauli ya kutoka Dar es Salaam ni nafuu, kwa sababu makontena mengi yangerudi matupu. Mwaka 2021 dunia iligeuka: kampuni za meli ziliona afadhali kontena likimbie tupu China kuliko kusubiri lijazwe mazao ya mkulima. Sheria ya Marekani ya 2022 ilizaliwa na kilio cha wakulima wao kwa jambo hilohilo. Wetu walilia vilevile, ila hawana Bunge linalotisha kampuni ya meli ya Geneva au Copenhagen. Hapo ndipo upatanishi wa Jumuiya nzima, Dar es Salaam na Mombasa kwa sauti moja, ungekuwa na maana kuliko meli tatu zenye bendera.

Juzi nilipita Mwanga nikamweleza yule mama habari ya simu na ndege. Alisikiliza huku anafuta vumbi kwenye mifuniko. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, chupa nizilete kwa ndege?"